Mlonge, manjano na zebaki: maswali tunayoulizwa kila wiki dukani Mwanza

Duka letu la dawa liko Buhongwa, kwenye barabara iendayo Usagara. Anayetoka Geita au Sengerema anatupitia kabla hajaingia mjini, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 wageni wamezidi. Wachimbaji, wake zao, mafundi wa betri, wavuvi: huyu ana chupa ya maji ya kijani mkononi, yule ana jina la mti kichwani, na wote wanauliza kama inatoa sumu ya machimbo. Nimeyaandika majibu hapa ili nisiyarudie mara ishirini kwa siku. Mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Metali nzito ni kitu gani, na inatuhusuje watu wa Kanda ya Ziwa?

Dukani zinatajwa nne. Zebaki, ambayo wengi machimboni huiita mekyuri, ndiyo inayokamata dhahabu kwenye mchanga uliosagwa na karasha, kisha huchomwa ili iruke ibaki dhahabu. Risasi iko kwenye betri kuukuu, rangi za zamani na baadhi ya mawe yanayochimbwa kwa ajili ya dhahabu. Aseniki imo ndani ya miamba ya dhahabu ya ukanda huu, na vipo visima Geita na Mara ambavyo maji yake yalipopimwa yalizidi kikomo cha Shirika la Afya Duniani, yaani maikrogramu 10 kwa lita. Kadimiamu huingia kwa chakula, na kwa mvutaji zaidi kwa moshi wa sigara. Mwili hauna kazi na hata moja kati ya hizo. Chuma na zinki ni habari nyingine, hizo tunazihitaji.

Sayanaidi nayo ni metali nzito?

Hapana. Ni sumu ya dakika chache na haijikusanyi mifupani. Mtu akianguka kwenye mtambo wa uchenjuaji, usimtafutie mlonge wala maziwa. Mtoe penye hewa, bila wewe kujiingiza hatarini, na mkimbize hospitali.

Kuna mmea unaotoa zebaki mwilini?

Hakuna uliothibitishwa kwa binadamu kiasi cha kuitwa tiba. Hilo ndilo jibu, lakini likiishia hapo naonekana nadharau mitishamba, na mimi nimekua nikinywa bugota, dawa ya kienyeji ya Kisukuma, ya bibi yangu. Sina ugomvi na mizizi. Ugomvi wangu uko kwenye neno "kutoa".

Metali hizi huumiza kwa njia mbili kubwa. Kwanza hung'ang'ania sehemu zenye salfa kwenye protini za mwili, na protini ikishikwa hapo haifanyi kazi yake tena. Pili, huchochea uharibifu wa oksidisheni unaochoma ini, figo na ubongo polepole. Mimea mingi tunayoisikia ina kemikali za kupunguza uchomaji huo, zinazoitwa antioksidanti, na mingine husaidia mwili kutengeneza glutathioni, kinga yake yenyewe yenye salfa. Hayo yanaweza kupunguza madhara. Lakini kupunguza madhara ya risasi si kuitoa risasi kwenye mfupa ilikojificha, na humo inaweza kukaa miaka kumi hadi thelathini.

Ipo njia ya tatu ya kuusaidia mwili, na kwangu ndiyo yenye maana zaidi kwa mtu wa kawaida: chakula kinaweza kuizuia metali tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Nitairudia kwenye swali la maziwa.

Mbona mtandaoni wanasema utafiti umethibitisha mlonge?

Utafiti upo, tena mwingi. Swali la kuuliza ni: umethibitishwa kwa nani?

Mara nyingi inakwenda hivi. Panya wa maabara wanagawanywa makundi. Kundi moja linapewa chumvi ya risasi au ya kadimiamu, kundi la pili linapewa chumvi hiyo hiyo pamoja na kiini cha majani ya mlonge, labda miligramu 200 au 400 kwa kila kilo ya uzito. Baada ya wiki kadhaa wanapimwa damu, ini na figo, na panya waliopata mlonge wanaonekana nafuu. Majarida yamejaa matokeo ya namna hiyo kwa mlonge, manjano, tangawizi, habat soda, choya na mimea mingine mingi. Sidhani ni uongo.

Sasa angalia mambo mawili. Panya alipewa sumu na mmea kwa wakati mmoja, au mmea ukatangulia. Inawezekana vilishikana tumboni tu, sumu ikatoka na choo. Mchimbaji wa Nyarugusu, Geita, hakunywa zebaki, aliivuta kwa pua, tena miaka kumi kabla hajasikia habari za mlonge. Tumbo lake halikuhusika kabisa.

Halafu kipimo. Chukua hiyo miligramu 400 kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 24 za kiini kikavu kila siku. Wataalamu hawahamishi dozi ya panya hivyo hivyo, huigawa kwa sita hivi, kwa hiyo tuseme gramu 4. Kiini si unga wa majani: majani makavu gramu 10 yakikupa kiini gramu 1 umepata vizuri. Sasa tunazungumzia gramu 40 za majani makavu kwa siku, na kile kijiko unachokoroga kwenye uji asubuhi hakifiki huko hata kidogo. Mlonge ni mboga nzuri na uendelee kuula. Lakini anayekuuzia kopo la vidonge kwa picha ya panya aliyepona amekurusha hatua nyingi.

Kwa nini kitunguu saumu kinatajwa kuliko vyote?

Kwa sababu kina salfa, na hapa mantiki ina mguu wa kusimamia. Zebaki, risasi na aseniki zinapenda salfa. Ndiyo siri ya dawa za hospitali pia: dimekaproli, iliyobuniwa Oxford wakati wa Vita Kuu ya Pili kukabiliana na gesi ya sumu yenye aseniki, ina mikono miwili ya salfa inayoishika metali na kwenda nayo nje kupitia mkojo.

Kitunguu saumu kimejaribiwa kwa watu. Mwaka 2012 madaktari wa Mashhad, Iran, walichapisha jaribio la wafanyakazi 117 wa kiwanda cha betri za magari waliokuwa na risasi mwilini. Wengine walipewa vidonge vya kitunguu saumu mara tatu kwa siku, wengine D-penisilamini, dawa ya hospitali ya kutoa metali, kwa wiki nne. Risasi kwenye damu ilipungua pande zote mbili, na wa kitunguu saumu walipata karaha chache za dawa.

Nimefurahi kusoma hilo, lakini nalisoma lilivyo. Walikuwa watu wazima wenye sumu ya kadiri, ya risasi na si zebaki, wakitumia vidonge vyenye kipimo kinachojulikana, chini ya daktari. Mtoto aliyeanza kupata degedege kwa risasi hasubirishwi kwa kitunguu. Na kama unatumia warfarini ya kuyeyusha damu, usianze kumeza vitunguu saumu kwa wingi bila kumwambia daktari wako.

Na kotmiri?

Jani la giligilani limesifiwa sana kwamba linafagia zebaki hadi kwenye ubongo. Lilipojaribiwa kwa watoto wenye risasi, halikushinda dawa bandia. Litie kwenye kachumbari.

Mafundi wa kuchomelea wanakunywa maziwa kutoa sumu. Ni kweli?

Nusu kweli, na hiyo nusu ni muhimu. Moshi wa kuchomelea unaingia mapafuni, maziwa yanaingia tumboni, haviwezi kukutana. Anayedhani pakiti ya maziwa jioni inafuta moshi wa mchana kutwa anajidanganya, na ubaya ni kwamba kwa imani hiyo anaacha kuvaa barakoa.

Nusu ya kweli ni hii. Risasi inayomezwa huingia mwilini kwa njia zilezile za kalsiamu na chuma. Mwili ukiwa na njaa ya hayo mawili, unaichukua risasi kwa pupa. Mtu mzima hunyonya kama asilimia 10 ya risasi aliyomeza, mtoto mdogo anaweza kunyonya asilimia 40 hadi 50, na akiwa na upungufu wa damu hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo mtoto anayekula ameshiba, mwenye kalsiamu na chuma vya kutosha, ana ngao ambayo hakuna chupa ya kijani inayoifikia. Na sisi wa ziwani tunayo kwa bei nafuu: dagaa wa Kirumba wanaliwa na mifupa yao, hiyo ni kalsiamu. Ongeza mchicha au kisamvu, maharage, na chungwa au ukwaju pembeni ili chuma kifyonzwe vizuri. Mama akiniuliza dawa ya kinga, namtuma sokoni kwanza, mwenye duka ananuna.

Mume wangu anachomea dhahabu jikoni. Nimpe mmea gani?

Dada, hili ndilo swali ninalolichukia kulisikia, kwa sababu anayeliuliza mara nyingi amembeba mtoto mgongoni.

Hakuna mmea. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, lakini hutoa mvuke hata ikiwa imekaa tu kwenye kikombe. Ukiimeza ile ya majimaji, karibu yote inatoka na choo. Ukivuta mvuke wake, kama asilimia 80 inabaki mwilini na kupanda hadi kwenye ubongo. Mvuke hauna harufu, hauonekani. Ukishapoa unashika ukutani, kwenye paa la bati, kwenye pazia, kwenye chungu cha maji, na siku jua likiwaka bati linaurudisha chini.

Kinachosaidia ni hiki: uchomaji uondoke nyumbani, leo, siyo baada ya msimu. Uende mahali pa wazi, mbali na watoto na mpishi, upepo ukimpiga mchomaji mgongoni. Vizuri zaidi achomee kwenye retoti, chombo kilichofungwa chenye bomba linalorudisha zebaki kuwa majimaji. Retoti nzuri huokoa zaidi ya asilimia 90 ya zebaki, na mwambie mumeo hiyo ni hela yake inayorudi, hoja ya fedha husikilizwa kuliko ya mapafu. Kikaango cha kuchomea kisirudi kupika chochote. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Zebaki ikimwagika usifagie, ufagio unaivunja iwe chembe ndogo zinazotoa mvuke zaidi. Ikusanye kwa kipande cha karatasi ngumu, uitie kwenye chupa yenye maji na kifuniko.

Wanaosaga mawe uani nao wasikie habari ya Zamfara, Nigeria. Mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyokuwa ndani ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Dawa ilikuwepo, lakini madaktari walitaka kwanza udongo wa vijiji usafishwe, maana mtoto akitibiwa na kurudi kwenye vumbi lilelile anaanza upya. Kama dawa ya hospitali yenyewe ilisubiri chanzo kizibwe, majani yatafanya nini?

Manjano je? Nasikia ni kinga kubwa.

Kemikali yake, kukumini, imewasaidia panya wengi. Kwa binadamu inafyonzwa kidogo sana tumboni. Ila kuna kisa cha manjano ambacho kila mnunuzi anapaswa kukijua. Bangladesh wafanyabiashara walikuwa wakiipaka manjano kromati ya risasi, rangi ya njano ya viwandani, ili ing'ae. Mwaka 2019 uchunguzi uliikuta kwenye asilimia 47 ya sampuli za sokoni. Serikali ikabana, wakaguzi wakaingia masokoni na mashine za kupimia, na kufikia 2021 haikuonekana tena. Yaani mtu alikuwa anakula risasi akidhani anajikinga nayo. Nunua manjano mzima, usage mwenyewe.

Dawa za mitishamba za makopo nazo zina historia hiyo. Boston, Marekani, mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za asili za Kihindi zilizouzwa madukani, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Kopo lisilo na usajili wala namba ya toleo mimi siliweki rafuni, hata liwe na picha ya mlonge mzima.

Nina mimba na napenda udongo. Nikinywa mlonge baadaye inasawazisha?

Hapana, mama. Ule udongo, pemba kama wanavyouita, unaweza kuwa ndiyo njia kubwa ya sumu kuliko hata hewa ya machimbo. Mwaka 2014 watafiti wakiwemo wa chuo cha tiba cha Bugando walichapisha kazi kuhusu wajawazito wa maeneo ya uchimbaji mdogo huku kwetu: karibu nusu yao walikuwa wanakula udongo, na udongo wenyewe ulipopimwa ulikuwa na aseniki na metali nyingine. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Pima damu, meza vidonge vya chuma unavyopewa kliniki, hamu hupungua kwa wengi.

Majani ya mlonge kama mboga hayana tatizo. Mizizi na magome yake usiguse ukiwa na mimba. Mshubiri wa kunywa pia acha.

Mashine ya kushika mkononi imesema nina zebaki, risasi na kadimiamu. Niamini?

Kile kifimbo cha chuma kinachotoa kurasa arobaini za magonjwa? Hakipimi metali yoyote. Metali hupimwa kwa damu au mkojo, maabara, na umeme wa kiganjani hauwezi kuijua. Utaona pia kwamba anayekupima ndiye anayeuza dawa ya alichokikuta. Mzee mmoja alinijia na karatasi hizo amekwisha kutoa laki tatu na nusu. Hajawahi kukanyaga machimbo, maisha yake yote ni mwalimu.

Na ile beseni ya kuloweka miguu, maji yakageuka kahawia "sumu ikitoka"? Muombe mwenyewe aiwashe bila miguu ndani, na chumvi yake ileile. Maji yatageuka kahawia vilevile. Ni chuma cha mashine kinachooza kwa umeme.

Kujifukiza je?

Jasho lina chembe chache mno za metali. Jifukize mafua.

Tuache kula sangara?

Msiache. Zebaki ya samaki ni ya aina nyingine, inayopanda kutoka samaki mdogo hadi anayemla, kwa hiyo sangara mkubwa ana nyingi kuliko sato, na dagaa ana kidogo. Vipimo vingi vya samaki wa ziwa letu vimekuwa chini ya kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo. Mjamzito achague sato na dagaa zaidi, jitu la sangara la kilo nyingi awaachie wengine. Kukaanga hakuiondoi, limau halikati chochote.

Mbegu za mlonge zinasafisha maji ya kisima chenye aseniki?

Zinatuliza tope vizuri sana, hilo ni la kweli na la zamani. Maji meupe si maji yasiyo na aseniki. Kuchemsha nako hakusaidii, maji yanapungua sufuriani na aseniki inabaki palepale. Kisima kilicho karibu na machimbo kipimwe, na kikizidi kikomo tafuteni chanzo kingine cha kunywa. Mtu mwenye madoa na ugumu wa ngozi kwenye viganja na nyayo, anayekunywa kisima hicho kwa miaka, aende kwa daktari na habari ya kisima.

Nitajuaje kama nimeathirika, na hospitali watanipa nini?

Zebaki ya mvuke: mikono kutetemeka hadi kushindwa kushika kikombe, usahaulifu, hasira za ghafla, fizi kuuma, mate mengi. Risasi: tumbo kukata, choo kufunga, uchovu, damu kupungua, mtoto kuchelewa kujifunza. Dalili hizi ni za magonjwa mia, ndiyo maana lazima umwambie daktari kazi yako. Bila kusema "nachoma dhahabu" utapimwa malaria na UTI, utarudi na dawa za vyote viwili.

Risasi hupimwa kwa damu, zebaki ya mvuke kwa mkojo. Hospitali kubwa za hapa mjini zitakuelekeza sampuli iende wapi, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mwanza. Kwa risasi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka chanzo kitafutwe kuanzia maikrogramu 5 kwa desilita, na mtoto wa miaka 10 kushuka chini mwenye 45 au zaidi apewe dawa ya kuishika metali. Dawa hizo, kama DMSA, hazinunuliwi kienyeji: hubeba pia madini mazuri na zinahitaji uangalizi. Mitishamba unayokunywa mtajie daktari, usifiche kwa aibu.

Mimi ni mganga. Dawa yangu imewasaidia wachimbaji wengi. Nifanyeje itambulike?

Karibu, na nakuheshimu kwa kuuliza. Jisajili Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kama bado, sheria yake ni ya 2002. Kwa utafiti, Taasisi ya Tiba Asilia iliyoko Muhimbili na kituo cha tiba asili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ndiyo milango yake. Usiende na unga peke yake. Peleka tawi lenye majani, maua na tunda kama lipo, ili mti utambulike, maana jina la Kisukuma linaweza kuwa la miti miwili. Andika unachemsha kiasi gani, kwa maji kiasi gani, kwa muda gani. Wagonjwa wako wapimwe mkojo kabla hawajaanza na baada ya kumaliza, wakiwa wameacha kuchoma. Wakiendelea kuchoma, hutajua dawa imefanya nini.

Na tazama ulikochimba mzizi. Mti uliosimama juu ya marudio ya zamani ya machimbo, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, unavuta risasi na aseniki kutoka chini kama unavyovuta maji. Kachimbe mlimani.